Digrii Tatu za Kibla

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, tena upande wa wanawake tu. Kwa asiyeijua Mombasa nieleze: kwenye sherehe za usiku za kina mama, mpigapicha mwanamume haingii, simu hukusanywa mlangoni ndani ya beseni, na picha zikishapigwa hazitoki nje ila kwa idhini ya bibi harusi. Kwa hivyo nina kamera nzuri, nina lenzi inayoona gizani, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu wa nje aliyeiona kazi yangu. Labda ndiyo maana nikaanza kupiga nyota. Nyota hazina wifi wa kuombwa ruhusa.

Lenzi yenyewe ni Samyang ya milimita 135, ile ile inayonipa hina ya kidoleni kutoka upande wa pili wa ukumbi. Inakunywa mwanga kama ngamia. Lakini ukiielekeza juu, sekunde mbili na nusu tu zikipita nyota zinaanza kuburuzika, kwa sababu dunia inazunguka digrii 15 kila saa nasi tumo juu yake. Na vitu nilivyovitaka mimi, mawingu ya gesi na galaksi, havitoki kwa sekunde mbili. Vinataka dakika nzima nzima, zikusanywe nyingi, kisha zipangwe moja juu ya nyingine mpaka zilingane.

Dawa yake ni kifaa kidogo kinachokaa baina ya stendi na kamera, ndani yake mota inayogeuka polepole, mzunguko mmodi kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kinaigeuza kamera kinyume cha dunia, na mbele ya lenzi anga linakuwa kama limesimama. Changu nilikinunua kwa mtu, kimetumika, kinakula betri nne ndogo kama za redio. Sharti lake ni moja: mhimili wake ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ukikosea, kinafuata nyota kama mlevi anavyofuata njia.

Hapo ndipo vitabu vinapotuaga sisi watu wa pwani. Kila maelezo niliyosoma yanaanza hivi: tafuta Nyota ya Kaskazini, maana mhimili wa dunia unaelekea karibu nayo. Sisi hatuna. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta, na nyota ile kwetu iko chini ya upeo, mchana na usiku, mwaka mzima. Manahodha wa Kiarabu walioshuka huku kwa majahazi walikuwa wakiupima urefu wake kwa vidole, na kila walivyokuja kusini ndivyo ilivyozama, mpaka wakalazimika kushika nyota nyingine. Sawa, basi tushike ncha ya kusini. Nako nyota iliyo karibu na ncha ni hafifu hata penye giza zuri, na kwetu ncha yenyewe imeinuka digrii nne tu juu ya upeo, yaani ndani ya vumbi, minazi na taa za watu wa Likoni.

Mimi nilipata njia yangu, na nilijivunia nayo sana. Marehemu baba alikuwa mwashi. Nyumba yetu ya Majengo ina sakafu juu, na usiku wa joto tulikuwa tukiswali huko. Kabla sijaanza shule, baba alichora mstari wa rangi nyeupe kwenye ile sakafu kuonyesha kibla. Hakukisia. Mwezi Mei, tarehe 28, saa sita na dakika 18 mchana, jua husimama juu ya Makka sawasawa, na saa yetu na ya Saudia ni moja, kwa hivyo hakuna hata hesabu ya kufanya. Alitundika timazi yake kwenye boriti, akangoja, dakika ilipofika akachora kivuli cha uzi. Ukisimama juu ya mstari ule ukaliangalia jua, unaangalia Makka.

Sasa tazama ramani. Makka iko kwenye longitudo 39.8, Mombasa 39.7. Tumepangana kama nguzo za msikiti. Kibla cha Mombasa ni kaskazini ya kweli, tofauti yake ni theluthi ya digrii, na ukikipa mgongo unatazama kusini ya kweli. Nikaweka stendi juu ya mstari wa baba, mhimili nikauelekeza upande wa nyuma ya imamu, nikauinamisha digrii nne, na nyota zikasimama. Hawa watu wa YouTube wenye darubini zao za kuangalizia ncha wananiudhi, kwa nini nisiseme. Mimi nilifanya kwa rangi ya maji na timazi.

Tatizo ni kwamba juu ya sakafu yetu huoni kitu. Taa za bandari ya Kilindini haziongopi. Usiku anga ni rangi ya chai iliyozidi maziwa. Ilinibidi nipande mlima.

Nilichagua Jumatano, Januari 29, 2025. Rajabu ilikuwa inaishia, mwezi haumo angani. (Wenzangu husubiri mwezi uandame, mimi nafurahi usipokuwepo.) Januari ni kaskazi, upepo mkavu, na harusi haziko katikati ya wiki. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa kaka, aliyemaliza kidato cha nne Novemba na ambaye nyumbani alikuwa anamaliza mikate tu. Mkoba wote ulikuwa kilo tisa. Makanga wa matatu ya Voi aliupima kwa mkono akauliza kama ndani ni cherehani.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na unaisikia ardhi ikipanda pole pole. Voi hadi Mwatate bado ni joto. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujikunja, masikio yanaziba, migomba inatokea, na ghafla watu njiani wamevaa sweta. Milima ya Taita inasimama katikati ya nyika kama kisiwa. Kilele chake kirefu, Vuria, kina mita 2,208. Tulifikia juu ya Wundanyi, upande wa Vuria, kwa mama mmoja aliyestaafu ualimu wa Kiswahili, rafiki wa mteja wangu. Kijiji kizima kinamwita Mwalimu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitupokea kwa chai ya tangawizi na viazi vitamu, akautazama mkoba, akanitazama mimi.

"Mwanangu, umetoka Mombasa na mizigo yote hii kuja kupiga picha giza?"

"Nyota, Mwalimu."

"Haya. Mbuzi wangu usiwamulike tu."

Jua lilipozama, upande wa magharibi Zuhura ilikuwa inawaka kama taa ya pikipiki, Zohali chini yake kidogo. Mshtarii ilikuwa juu, Mirihi nyekundu inapanda mashariki. Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake. Mwalimu akatoka na shuka mbili, akanyosha kidole juu bila hata kutafuta, kwenye kishada kidogo cha nyota: "Kilimia kile pale." Kisha kwa sauti ya darasani: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Mpwa akasema hilo walilisoma lakini hakujua kama ni kitu unachoweza kukiona.

Nikatega mitambo uani. Stendi nikaisawazisha kwa pima maji ya baba. Huku mstari wa rangi haupo, basi nikafungua programu ya kibla kwenye simu, nikailaza juu ya kigoda cha mbao mbali na chuma chochote, nikaupa mshale mgongo. Mwinamo nikaweka digrii tatu na nusu kasoro, kwa kuwa Wundanyi iko kaskazini kidogo kuliko kwetu. Kwenye skrini, kando ya mshale, palikuwa na tarakimu: 3°. Nikaiona. Nikasema moyoni, ndizo hizo hizo tatu za mwinamo, simu hii ina akili. Nikaendelea.

Nilikuja kwa ajili ya Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Ile nebula, yaani wingu la gesi, iliyo chini ya mkanda wake, miaka ya nuru kama 1,340 kutoka hapa, ndiyo kila mtu huanza nayo, na mwishoni mwa Januari, kwenye saa tatu na nusu usiku, Jabari hupita utosini kwetu hasa. Hilo nalo vitabu havisemi: lenzi ikitazama juu kabisa, kamera inagonga mguu wa stendi, na skrini inaangalia chini, kwa hivyo unalala chali juu ya majani yenye umande ukiomba nyoka wawe na usingizi. Nikaweka fokasi kwa Shira, iking'aa kuliko nyota zote, nikafunga pete ya lenzi kwa utepe isiteleze, nikapiga fremu ya kwanza ya dakika moja.

Mchele. Kila nyota imekuwa punje ya mchele, tena pishori, ndefu, zote zimelala upande mmoja.

Nikakaza skrubu. Mchele. Nikabadilisha betri. Mchele. Nikaangalia kama kile kitufe cha kusini na kaskazini kiko upande wake, kiko. Nikafupisha hadi sekunde thelathini, nikapata mchele uliovunjika. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, na mimi ni mtu ambaye nyumbani digrii 24 naitafutia shuka. Saa nzima ilikwenda hivyo, Jabari akiwa juu yangu pale, mzuri, mkanda umefungwa.

Mpwa ndiye aliyeuliza, akiwa ameishika simu yangu kwa ajili ya tochi. "Shangazi, nyumbani hii si huwa inaandika sifuri?"

Niliichukua nikaitazama. Nyumbani huandika sifuri. Nikakaa chini.

Wundanyi iko longitudo 38.4. Tumepanda matatu kuelekea magharibi mchana kutwa, Makka haikupanda nasi. Kutoka Taita, kibla kinainama mashariki digrii tatu na kidogo, na mimi nilipoupa mgongo nikawa nimeinama magharibi kiasi kile kile. Hesabu niliifanya baadaye: kosa la digrii tatu, kwa lenzi ya milimita 135, dakika moja inaisogeza nyota karibu pikseli nane. Ndio urefu wa punje zangu. Dira ya simu huenda iliongeza makosa yake, lakini zile tatu zilikuwa zangu. Swala haitaharibika kwa digrii tatu, nimemuuliza mtu anayejua. Kamera haina fiqhi hiyo.

Kurekebisha ni kazi ya subira, si ya akili. Unachukua nyota iliyo karibu na utosi, unaikuza kwenye skrini mara kumi, unaiweka juu ya mstari wa gridi, unangoja. Ikipanda kaskazini au ikishuka kusini, mhimili haujakaa. Unageuza kitako cha stendi kiasi cha kucha, unaanza tena. Nilijua lazima niende mashariki, kwa hivyo ilikuwa ni kusukuma na kungoja, kusukuma na kungoja. Kwenye saa nne na nusu nyota ilikaa juu ya mstari dakika tatu nzima bila kutikisika. Mpwa akapiga makofi, mbuzi wakaitikia.

Ilibidi nichague. Jabari alikuwa bado juu, nebula yake inaita. Lakini upande wa kusini, juu ya miti ya bonde, kulikuwa na kiraka cheupe kama moshi wa ubani uliosahauliwa chumbani. Wingu Kubwa la Magellan. Si wingu, ni galaksi, jirani yetu, miaka ya nuru 160,000. Watu wa Ulaya hawalioni hata wapande Alps, liko chini ya miguu yao. Jabari wanaye, wamempiga wote, wengi kwa mitambo yenye bei ya nyumba yetu. Nikaona kama vitabu vimenitenga kwa ajili ya kusini, basi nichukue cha kusini.

Nikalielekezea lenzi. Fremu ya kwanza ilipotokea nilimwita mpwa kwa nguvu mpaka Mwalimu akafungua dirisha. Nyota ni nukta. Na pembeni ya galaksi, doa la waridi lenye miguu miguu: nebula wanayoiita Tarantula, kwetu sisi Buibui. Lingekuwa karibu nasi kama lile la Jabari, usiku lingetupa kivuli. Jirani yake ndipo ilipolipuka nyota ile ya Februari 1987, watu wa kusini wakaiona kwa macho matupu. Nilivua buibui langu, hilo la nguo, nikaifunika kamera kuzuia upepo na mwanga wa dirisha, nikabaki na sweta ya kaka yangu. Mpwa akasema buibui linapiga picha buibui. Alilirudia hilo utani mara nne kabla ya asubuhi.

Fremu arobaini. Kisha saa tano na dakika kumi ukungu ukapanda kutoka bondeni, bila haraka, kama mgeni anayejua chakula bado. Ukaimeza miti, ukaimeza taa nyekundu za minara ya Vuria, ukafika uani.

Ukungu si hasara yote. Ndio wakati wa kufunika lenzi na kupiga fremu za giza, za dakika moja moja, kwa baridi ile ile, ili baadaye programu ijue kelele, yaani chengachenga za picha, zipi ni za kamera na zipi ni za mbinguni. Nikaiacha ipige peke yake, nimeizungushia lenzi kile kitambaa cha umeme kinachotumia pawabanki kuzuia umande, tukaingia jikoni.

Mwalimu hakuwa amelala. Mpwa akamweleza habari ya Nyota ya Kaskazini na vitabu visivyotujua, kwa uchungu kama amenyimwa basari. Nikamwambia mstari huu wa ikweta una watu wanaoufuata kutoka mbali. Waitaliano walijenga jukwaa baharini karibu na Malindi, San Marco, kwa sababu roketi ikirushwa karibu na ikweta dunia yenyewe inaisukuma zaidi. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, palirushwa pale setilaiti ya Marekani ya kutafuta miale ya eksirei angani, wakaipa jina la Uhuru. Ni setilaiti hiyo iliyosaidia kukitambua kitu ambacho sasa wanasayansi wanakubali ni shimo jeusi, Cygnus X-1. Mwalimu akasema siku ile ya 1970 aliikumbuka kwa gwaride na soda, roketi hakuambiwa.

Halafu akaniuliza swali ambalo kila mtu huniuliza: lile doa la waridi ni la kweli, au nimepaka rangi? Ni la kweli, Mwalimu, ni hidrojeni, na kwa kweli ni jekundu kuliko hivyo; kamera ina kioo ndani kinachouzuia wekundu huo mwingi. Wapiga nyota wengi hukitoa. Mimi siwezi, Jumamosi nina harusi, na bibi harusi akitoka mwekundu kama kamba wa kuchemsha nitamweleza nini mama yake? Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Saa nane na nusu mpwa alichungulia nje akarudi bila kusema neno, akachukua mkoba tu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Tulikuwa juu yake. Bonde lote lilikuwa maziwa, na zile taa za Mwatate na Voi zilizokuwa zikichafua upeo zimezimwa na hilo hilo tulilolilaani. Jabari alikuwa anazama, nikampungia mkono. Kusini ilikuwa imesimama Karina, nebula kubwa kuliko ile ya Jabari mara nyingi, na ndani yake nyota ya Eta ambayo mwaka 1843 ilivimba mpaka ikawa ya pili kwa mng'ao angani kote, kisha ikafifia. Nilipiga fremu sabini bila kugusa kitu. Sina la kusimulia juu ya saa hiyo na zaidi. Kila kitu kilifanya kazi.

Kwenye saa kumi nikamwamsha mpwa aliyekuwa amejikunyata kwenye shuka. Nilimsimamisha katikati ya ua, nikamwambia atazame kusini: Salibu, ule msalaba wa nyota, imesimama wima. Kisha nikamgeuza kwa mabega: kaskazini, Dubu Mkubwa, yule yule wa kwenye vitabu, kichwa chini miguu juu. Wote wawili kwa wakati mmoja, kimo kimoja karibu. Akawa anageuka geuka kama mtu aliyeitwa na pande mbili. Mwishowe akaulizia kama kuna viazi vimebaki.

Tuliswali alfajiri pale pale, tukakielekea kibla cha Taita, na ninakiri niliinama kulia kidogo kuliko kawaida. Kulipopambazuka nikamvua mpwa kanzu yake nyeupe, nikaitandaza mbele ya lenzi, nikapiga fremu za mwanga sawa za kusafishia vumbi na kingo. Hakuna kitambaa bora kwa kazi hiyo, ila kipigwe pasi.

Nyumbani nilizipanga picha kwa programu ya bure, Siril. Arobaini za galaksi zilibaki 36, nne zilikuwa na ukungu, na 36 ni hesabu nzuri: kelele hupungua kwa kipeuo chake cha pili, mara sita. Karina ilitoka vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimpelekea Mwalimu zote mbili. Alijibu: "Nzuri. Kilimia kiko wapi?" Sikukipiga.

Mei alinipigia simu kwamba Kilimia kimezama na mvua, kwa hivyo nijue. Mwezi huo huo, tarehe 28, mpwa nami tulipanda juu ya sakafu na kopo la rangi, kwa sababu mstari wa baba umefifia na mitambo yangu imeukwaruza. Tulitundika timazi kwenye boriti ile ile. Saa sita na robo wingu likaja likakaa juu ya Majengo. Saa sita na dakika 18 ikapita, uzi hauna kivuli. Mara ya pili jua kusimama juu ya Makka ni katikati ya Julai, saa sita na dakika 27. Rangi tumeifunika.